Jinsi ya kujua nani anaipa niuroni ya hisia kazi yake, na nani anaishikilia isiisahau

Chukua seli moja tu, ile inayoonja chumvi kwenye kichwa cha mnyoo anayeitwa C. elegans. Ikishazaliwa haigawanyiki tena, inakaa hivyohivyo mpaka mnyoo anakufa, na muda wote huo protini zilizomo ndani yake zinavunjwa na kutengenezwa upya, zingine zinadumu masaa machache tu. Sa jiulize, kama vitu vya ndani vinabadilishwa kila mara, nani anaikumbusha kesho asubuhi kwamba kazi yake ni chumvi, siyo harufu, siyo mguso, siyo joto? Usiniambie DNA, maana DNA iko ileile kwenye misuli na kwenye utumbo.

Hapa naelekeza namna ya kulitafuta jibu kwa mikono yako mwenyewe kama unaweza kuingia maabara yenye hao minyoo. Na hata kama huna maabara bado itakufaa, kwa sababu ukishaelewa jaribio linavyofanywa utasoma makala yoyote ya niuroni na utajua wapi wamethibitisha na wapi wameruka. Kitu kimoja nakuomba ukishike toka mwanzo: kuna swali la nani alianzisha utambulisho wa seli, na kuna swali la nani anaushikilia. Ni maswali mawili. Watu wanajibu la kwanza alafu wanaondoka kama vile wamejibu yote, na hilo mi linanikera kweli.

Kwa nini mnyoo

Kwa sababu niuroni zake zinahesabika. Mnyoo mzima mwenye jinsia mbili ana niuroni 302, kila moja ina jina, na mwili wake ni kama kioo, unaona mpaka ndani bila kumpasua. Ana urefu wa milimita 1 hivi, anakula bakteria juu ya agari, ile jeli ya maabara, kwenye nyuzi joto 20 anatoka yai mpaka mtu mzima kwa siku tatu na nusu hivi, na anajizalisha mwenyewe, mmoja anatoa watoto kama 300. Sydney Brenner ndo alimweka mezani kwa jenetiki, makala yake kubwa ilitoka 1974, na John Sulston na wenzake walifuata kila seli inavyogawanyika toka yai, hiyo ya kiinitete ikachapishwa 1983. Maana yake leo ukisema niuroni fulani haipo, kuna orodha ya kukusahihisha.

Wa kuanza nao kuna makundi mawili mazuri. La kwanza ni niuroni sita za mguso laini: ALM mbili, PLM mbili, AVM na PVM. La pili ni ASE, mbili tu, moja kushoto na moja kulia kichwani, hizo ndo za chumvi. Chagua moja, usichukue zote mbili kwa pamoja mwanzoni.

Kwanza jua seli yako inatambulikaje

Utambulisho wa niuroni siyo kitu cha hewani, ni orodha ya jeni zinazowaka. Niuroni ya mguso inawasha mec-4 na mec-10 zinazotengeneza tundu la kupitisha chaji mnyoo akiguswa, inawasha mec-7 na mec-12 zinazotengeneza mirija minene ya ndani ambayo niuroni zingine hazina, na kadhalika. ASE inawasha familia ya jeni zinazoitwa gcy, na hapo kuna utamu wake, gcy-7 inawaka upande wa kushoto na gcy-5 inawaka kulia. Pia kuna jeni ambazo niuroni zote zinazo, kwa mfano rab-3, hizo ni za uniuroni kwa ujumla, hazikwambii ni niuroni gani. Andika orodha yako pembeni, angalau alama tatu za seli yako na moja ya niuroni zote. Hiyo ya niuroni zote usiiache hata kama unaona ni ya ziada, utanishukuru mbele.

Alafu unatafuta minyoo wenye ripota, yani promota ya jeni yako, kile kipande cha DNA kinachoiwasha, imeunganishwa na GFP ile protini ya kijani. Martin Chalfie na wenzake walivyoonesha 1994 kwamba GFP inaweza kuwaka ndani ya mnyoo walitumia promota ya mec-7, kwa hiyo kati ya seli za kwanza kabisa kung'aa kijani ndani ya mnyama wa maabara zilikuwa hizihizi za mguso. Hiyo kazi ni sehemu ya iliyompa Nobel ya kemia 2008 pamoja na Osamu Shimomura na Roger Tsien.

Jihakikishie ripota imeingizwa kwenye kromosomu. Mi nilishapoteza wiki mbili nikiamini nimepata mutanti, yani mnyoo mwenye jeni iliyoharibika, asiye na ASE, kumbe DNA ya ripota ilikuwa inaelea nje ya kromosomu, na hiyo kila seli ikigawanyika inaweza kudondoka, basi mnyoo mmoja anawaka, ndugu yake hawaki, na jeni zao ni zilezile.

Kumwangalia

Yeyusha agarosi ya asilimia 2, dondosha tone moto juu ya kioo, bandika kioo kingine juu yake lipate kuwa bapa, subiri igande, ng'oa cha juu. Weka tone dogo la dawa ya kuwatuliza, wengi wanatumia sodiamu azaidi, na hiyo ni sumu hata kwako kwa hiyo vaa glavu. Waya wa platinamu uliobapwa ncha unachovya kwenye bakteria kidogo ili unate, unamgusa mnyoo kwa juu anapanda mwenyewe, usimchimbe, ukichana agari minyoo wengine watazama ndani ya huo mchano na hutawaona tena.

Kwenye hadubini anza na mwanga wa kawaida. Tafuta koromeo, lina mavimbe mawili, la nyuma lina kisagio kinachocheza. Sasa washa mwanga wa bluu. Kama una gcy-5 utaona kitone kimoja cha kijani maeneo ya hilo vimbe la nyuma, na uzi mwembamba unatoka kwake unakwenda mbele mpaka puani. Mnyoo akilala kwa ubavu zungusha fokasi taratibu toka juu mpaka chini, maana seli ya upande wa pili imejificha chini ya koromeo, na wanaoanza wengi wanaandika "haipo" kumbe hawajashuka.

Kwa niuroni za mguso kuna kipimo cha tabia ambacho hakihitaji hata umeme. Unagundisha unywele wa nyusi kwenye ncha ya kijiti cha meno, unampapasa mnyoo kwa upole nyuma kidogo ya koromeo, mzima anarudi nyuma. Ukimpapasa karibu na mkia anakimbia mbele. Mara kumi, kichwa mkia kichwa mkia, unahesabu kaitikia mara ngapi. Chalfie na Sulston walitumia huo unywele kuwapata mutanti wa mguso, makala yao ni ya 1981. Ukikandamiza kwa nguvu utakuwa unapima niuroni zingine kabisa, zile za mguso mkali, kwa hiyo mkono wako uzoee kwanza kwa minyoo wazima usiku mmoja mzima ikibidi.

Msako wa mutanti

Lengo ni kuharibu jeni ovyoovyo alafu kutafuta nani kapoteza utambulisho. Minyoo wa hatua ya L4, ile ya mwisho kabla hawajakomaa, wanawekwa kwenye EMS, kemikali ya kuharibu DNA, milimola 50 kwa masaa manne. EMS inaharibu DNA yako pia, fanya kwenye kabati la hewa, glavu mbili, na kila kilichogusa kiue kwa sodiamu haidroksaidi kabla ya kutupa. Hapa sitanii na usimruhusu mtu akuharakishe.

Watoto wao wa kwanza wana nakala moja mbovu kwa hiyo mara nyingi wanaonekana wazima, unaangalia wajukuu, robo yao ndo watakuwa na nakala zote mbili mbovu. Kwa dozi hiyo jeni ya kawaida inaharibika mara moja kwa kila nakala 2000 za jenomu, yani DNA yote ya mnyoo, hivi, na kila mtoto wa kwanza kabeba nakala mbili zilizopitia dawa, basi piga hesabu mwenyewe, chini ya watoto wa kwanza elfu moja huna msako, una bahati nasibu. Ukipata mutanti mpandishe na wazima mara kadhaa kusafisha uharibifu mwingine, alafu soma jenomu yake yote ujue wapi pamevunjika.

Kijani kimepotea, usishangilie bado

Hapa ndo pa kukaa sana. Kitone hakipo. Inaweza kuwa seli haijazaliwa kabisa, ukoo wake ulipotea njia huko nyuma. Inaweza kuwa ilizaliwa ikafa. Inaweza kuwa ipo, hai, ina mkia na uzi wake, ila haijui yenyewe ni nani. Au imekuwa niuroni nyingine. Au ni alama yako moja tu iliyozimika na zingine zote zinawaka, yani hujagusa utambulisho, umegusa jeni moja.

Ndo maana nilikwambia uwe na alama ya niuroni zote. Ikionesha seli ipo pale pale inapotakiwa na alama tatu za kazi yake zimezimika zote, hapo sasa moyo una haki ya kudunda. Mutanti wa che-1 ndo hivyo walivyo, seli za ASE zipo kichwani, ila jeni za gcy kimya, na ukimwekea mnyoo chumvi upande mmoja wa pleti anatembea kama haioni. che-1 inatengeneza protini inayoshika DNA kwa vidole vya zinki, inatafuta neno fupi la herufi za DNA, na hilo neno liko mbele ya jeni nyingi za ASE, kila moja na la kwake. Ukilifuta hilo neno mbele ya jeni moja, jeni hiyo peke yake inazima kwenye ASE. Protini za namna hii mtafiti Oliver Hobert alizipa jina ambalo kwa kwetu naliita kichaguzi cha mwisho, kwa sababu hazishughuliki na ukoo wala mgawanyiko, zinakaa mwishoni na kuwasha kazi yote ya seli kwa mkupuo.

Linganisha na daf-19. Hiyo inawasha jeni za vinyweleo vya seli za hisia karibu zote, iwe za chumvi au za harufu, kwa hiyo ukiivunja niuroni inakosa hivyo vinyweleo, yani antena zake, lakini hilo ni tatizo la uhisia kwa ujumla, utambulisho wa ASE ni kesi nyingine. Kama unataka kipimo cha haraka cha antena lowesha minyoo kwenye rangi ya DiI, wazima watanyonya rangi kwa jozi sita za niuroni kichwani na jozi mbili mkiani. ASE haimo kwenye hizo jozi, kwa hiyo usije ukaitafuta humo.

Kwa mguso hadithi ina watu wawili. Jeni ya unc-86 ndo inayoiamsha jeni ya mec-3, alafu protini zao zinashikana mkono zinakaa pamoja mbele ya mec-4, mec-7 na zingine. Mmoja peke yake hatoshi. unc-86 iko kwenye niuroni zaidi ya 50, wengi wao hawana uhusiano na mguso laini, na mec-3 iko kwenye niuroni kumi, zile sita pamoja na FLP mbili na PVD mbili. FLP ina wote wawili lakini siyo ya mguso laini, inakuwaje? Kuna jeni mbili, egl-44 na egl-46, zinakaa mle kuzuia. Ukizivunja FLP inaanza kuwasha jeni za mguso laini. Mi hiki kipande nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaonesha utambulisho una mkono unaosukuma na mkono unaozuia, na ukitafuta wasukumaji tu utaona nusu.

Kushoto na kulia kwa ASE nitapita haraka. che-1 iko pande zote, juu yake kuna RNA ndogo inaitwa lsy-6, inakaa kushoto tu, inaifunga mdomo jeni ya cog-1, na hapo kushoto kunakuwa kushoto. Mnyoo anapata seli moja inayosikia zaidi sodiamu na nyingine kloridi. Ni tabaka la pili, usilichanganye na la kwanza wakati unasoma mutanti wako: kama gcy-5 inawaka pande zote mbili seli haijapoteza uASE, imepoteza upande.

Jaribu kuiweka pasipo pake

Kuvunja kunakwambia jeni inahitajika. Kujua kama inatosha, iwashe mahali pengine. Unaiunganisha na promota inayowashwa na joto, unawapa minyoo nyuzi 33 au 34 kwa nusu saa, che-1 inatengenezwa mwili mzima. Kwenye kiinitete kichanga seli nyingi zinakubali kuwasha alama za ASE. Kwa mnyoo mkubwa zinagoma. Mwaka 2011 ilioneshwa kwamba ukipunguza protini ya lin-53, inayohusika na kufunga DNA, basi seli za uzazi zenyewe ukizipa che-1 zinageuka kufanana na niuroni za ASE, zinaota mpaka nyuzi. Kwa hiyo jaribio likikukatalia kwa mnyoo mkubwa usiandike kwamba jeni haitoshi, andika umri wa mnyoo.

Sasa lile swali la pili

Mutanti wa kuzaliwa hawezi kukujibu nani anashikilia. Huyo hakuwahi kuwa na utambulisho, utajuaje angeupoteza? Lazima umwache akue vizuri, alama ziwake, alafu ndo uiondoe protini.

Njia nzuri sahivi ni ya auksini, homoni ya mimea. Kwa CRISPR, ule mkasi wa kuhariri DNA, unabandika kipande kidogo cha protini ya mmea kwenye che-1 yenyewe mahali pake kwenye kromosomu, na mnyoo huyohuyo unampa TIR1, protini ya mmea inayokamata kile kipande auksini ikiwepo na kuipeleka che-1 ikavunjwe. Pleti zenye auksini ya milimola 1 mpaka 4, zifunike gizani kwa sababu mwanga unaiharibu. Protini nyingi zinaanza kupotea ndani ya saa moja. Kontroli, yani minyoo wa kulinganishia, ni tatu na zote ni za lazima: pleti yenye kiyeyushi tu bila auksini, minyoo wenye TIR1 bila kipande, na wenye kipande bila TIR1. Hiyo ya mwisho inakamata kosa ambalo halionekani, kwamba kipande chenyewe kimeidhoofisha che-1 kabla hujaanza.

Kisha subiri na uangalie, na hapa GFP itakudanganya. Ni protini ngumu, na niuroni haigawanyiki kwa hiyo hata haipunguzwi kwa kugawana, jeni inaweza kuwa imezimika juzi na kijani bado kipo leo. Nimesoma ripoti za wanafunzi zimeandika "utambulisho unadumu bila kichaguzi" na kilichodumu ni GFP. Tumia GFP iliyofungwa kipande cha kuifanya ivunjike haraka, au hesabu RNA yenyewe kwa vichunguzi vya kung'aa, kila molekuli inaonekana kitone.

Na utakuta nini? ASE inahitaji che-1 maisha yake yote. Protini ya CHE-1 inakuja na kuondoka kwa masaa, ila lile neno fupi la DNA liko pia mbele ya jeni ya che-1 yenyewe, kwa hiyo protini inarudi kuiwasha jeni iliyoitengeneza. Kibuyu kinachojijaza. Kazi iliyochapishwa 2019 ililifuta hilo neno moja tu la mbele ya che-1 kwa CRISPR, na likatoka jambo ambalo mi sikulitegemea: kujiwasha huko kunahitajika kudumisha utambulisho kwa mkubwa, na pia kunahitajika mwanzoni kwenye kiinitete, kupandisha kiwango cha che-1 mpaka kifike kizingiti cha kuwasha programu nzima. Kitanzi kimoja, kazi mbili. mec-3 nayo inajiwasha, pamoja na unc-86.

Usidhani ni mambo ya minyoo tu. Panya asiye na jeni ya Nrl toka kuzaliwa, seli zake za macho za kuona gizani zinakuwa za aina ya kuona rangi, hiyo ilitoka 2001. Baadaye wakaiondoa Nrl kwa panya mkubwa, macho yameshakomaa, na seli za gizani zikaanza kupoteza jeni zake na kuchukua baadhi ya tabia za zile za rangi. Kwa sehemu, siyo zote, lakini imetosha kuonesha kwamba hata jicho lililokomaa bado linashikiliwa.

Ukishamaliza hapo kuna jaribio moja dogo la kuongeza, watu wengi wanaliacha. Wahamishe minyoo toka kwenye auksini kwenda pleti safi, baadhi baada ya masaa machache, wengine baada ya siku nzima, wengine zaidi, na uangalie nani anarudisha utambulisho na nani harudi tena. Protini ikiwa chache bado inapendelea kushika promota ya jeni yake kuliko za wengine, kwa hiyo wa muda mfupi wana nafasi ya kurudi. Mwombe mwenzako azibandike pleti namba bila kukwambia ipi ni ipi, hesabu kushoto na kulia peke yake kwa kila mnyoo, na daftari la majina lifunguliwe ukishamaliza wa mwisho.